Vunjajungu mwenye mnyoo: dume, jike, ao aina mpya?

Vunjajungu ni yule mdudu anayekunja mikono ya mbele kama anasali. Shuleni, Kolwezi kama kwingine, watoto wanamjua kwa jina la mante religieuse. Kwa kawaida, kumtofautisha dume na jike si kazi ngumu. Jike ni mnene, na ukihesabu chini ya tumbo lake unapata vipande 6. Dume ni mwembamba, ana vipande 8, mabawa marefu, na vipapasio vyenye nguvu ya kunusa harufu ya jike kutoka mbali.

Lakini kuna vunjajungu ambao alama zao hazipatani: ni dume, lakini mabawa ni mafupi na vipapasio vinafanana na vya jike. Chanzo kinaweza kuwa mnyoo.

Mnyoo huo ni mwembamba kama uzi mweusi, na mara nyingi unampita mdudu mwenyewe kwa urefu. Jamaa yake inaitwa Chordodes, na wengi wao huishi ndani ya vunjajungu, hata hapa Afrika. Watoto wa mnyoo huanguliwa majini na kuingia ndani ya vidudu vidogo vya maji. Vidudu vile vikiota mabawa na kuruka, vunjajungu anavila, na mnyoo unakua tumboni mwake. Ukikomaa, unamsukuma aende majini, nao unatoka. Kwa binadamu hauna shida, hauishi ndani ya mwili wa mtu.

Mwaka 2015, watafiti wa Taiwan walitoa matokeo juu ya vunjajungu wa kule, Hierodula formosana. Waliokuwa na mnyoo walibadilika umbo, na kwa madume zilionekana dalili za kike, hasa kwenye vipapasio. Sababu inayofikiriwa ni kwamba mnyoo unaingia mdudu akiwa bado mtoto, unakula akiba yake na kuvuruga homoni za kukua.

Sasa, shida iko wapi? Iko kwenye majina. Wataalamu hutenga aina za wadudu kwa kupima mabawa, miguu na kifua, na mara nyingine jina zima husimama juu ya mdudu mmoja tu aliyekaushwa kwenye sanduku. Kama huyo mmoja alikuwa mgonjwa, jina jipya limepewa ugonjwa. Kwa siafu na ndugu zao, mambo hayo yalishatokea: mwaka 2012 mtaalamu Sándor Csősz alionyesha kwamba aina kadhaa zilizoandikwa vitabuni zilikuwa tu wadudu wenye minyoo. Na kwa nyuki, Mfaransa Jean Pérez alieleza tangu 1886 jinsi kimelea kinavyochanganya alama za dume na jike.

Jambo hili linagusa Lualaba pia. Kati ya 1946 na 1949, kundi la G. F. de Witte lilikusanya wanyama na wadudu wengi sana katika hifadhi ya Upemba, na vitabu vingi viliandikwa kutokana na mikusanyo hiyo. Na leo, sheria ya migodi inadai uchunguzi wa mazingira kabla ya kuchimba. Jina likikosewa, kilima kinaweza kusemwa kina mdudu asiyepatikana kwingine, kumbe ni mgonjwa tu. Ao kinyume chake: mdudu wa pekee kweli anaitwa mgonjwa, na kilima kinachimbwa.

Dawa yake ni uvumilivu: kukusanya madume na majike wengi, si mmoja, kufungua tumbo na kutafuta mnyoo, kutazama viungo vya uzazi, na kulinganisha ADN. Mwenye kuona uzi mweusi ukitoka kwa vunjajungu ndani ya beseni asitupe kimoja na kuacha kingine. Avitie vyote viwili kwenye alkoli, aandike mahali na tarehe. Mdudu bila mnyoo wake ni ushahidi nusu.