Kampuni Changa za Programu: Kitengo cha TEHAMA Chatoka Kwenye Mashine, Chabeba Dhamana ya Taarifa za Wananchi

Kwa miaka mingi, kitengo cha Teknolojia ya Habari na Mawasiliano (TEHAMA) katika ofisi nyingi kilifahamika kama mahali pa kupeleka kompyuta iliyoharibika. Mtaalamu wake alifunga nyaya, alibadili wino wa printa na kutunza ufunguo wa chumba cha seva. Katika kampuni changa zinazotengeneza programu za kompyuta na simu, sura hiyo imebadilika. Mara nyingi chumba cha seva hakipo tena, lakini wajibu wa aliyekuwa akikitunza umekuwa mzito zaidi, kwa kuwa sasa unagusa taarifa za wananchi na matakwa ya sheria.

Chimbuko la mabadiliko hayo ni huduma za wingu, yaani utaratibu wa kukodi seva kwa njia ya intaneti badala ya kuzinunua. Kampuni ya Amazon ya Marekani ilianza kukodisha huduma hizo kibiashara mwaka 2006. Kwa Tanzania, kufika kwa mikongo ya baharini ya SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, pamoja na ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, kulifungua njia. Leo vijana watatu wenye kompyuta mpakato jijini Mwanza au Arusha wanaweza kuanzisha huduma inayotumiwa na maelfu ya watu bila kumiliki seva hata moja.

Urahisi huo umezaa dhana kwamba kampuni isiyo na mashine haihitaji kitengo cha TEHAMA. Dhana hiyo ni potofu. Anayekodisha huduma za wingu hulinda majengo na mitambo yake. Nani aingie kwenye mfumo na nini kihifadhiwe humo ni uamuzi wa kampuni iliyokodi. Ni sawa na nyumba ya kupanga: mwenye nyumba hujenga ukuta na kuweka mlango, lakini mpangaji akilala mlango wazi, mwizi haingii kwa kosa la mwenye nyumba. Mtumishi aliyeacha kazi akiwa bado na nywila za mfumo, au orodha ya wateja iliyonakiliwa kwenye kompyuta binafsi, ni milango iliyoachwa wazi.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, imeupa wajibu huo nguvu ya kisheria. Utekelezaji wake unasimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi (PDPC), iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 3, 2024. Sheria inawataka wakusanyaji na wachakataji wa taarifa binafsi kujisajili katika Tume, kuteua afisa wa ulinzi wa taarifa binafsi, kuweka hatua za usalama na kuijulisha Tume pale usalama wa taarifa unapovunjwa. Aidha, imeweka masharti ya kusafirisha taarifa nje ya nchi, jambo linalozihusu moja kwa moja kampuni zinazokodi seva zilizoko ughaibuni. Kampuni inayotiwa hatiani kwa kufichua taarifa binafsi kinyume cha sheria inaweza kutozwa faini ya hadi Shilingi bilioni 5, kiasi kinachoweza kuifunga kampuni changa moja kwa moja.

Jukumu jingine ni mwendelezo wa huduma. Mei 12, 2024, hitilafu katika mikongo ya SEACOM na EASSy ilidhoofisha intaneti nchini na katika nchi jirani. Tukio hilo lilionesha kuwa huduma inayotegemea seva za mbali inaweza kukwama hata kama programu yenyewe haina kasoro. Ni kazi ya kitengo cha TEHAMA kupanga mapema ni huduma zipi zitaendelea, nakala rudufu zitahifadhiwa wapi, na kujaribu mara kwa mara kama nakala hizo zinafunguka.

Kampuni yenye watumishi watano huenda isimudu kuwa na kitengo kamili. Hata hivyo, inaweza kumteua kwa maandishi mtumishi mmoja atakayeorodhesha taarifa zote zinazokusanywa, kuhakikisha kila mtumishi ana akaunti yake yenye uthibitisho wa hatua mbili, na kufuta ruhusa za anayeondoka siku hiyohiyo. Mtumishi huyo anapaswa kushirikishwa tangu huduma inapobuniwa, badala ya kuitwa mambo yanapoharibika. Akiuliza mapema kwa nini programu ya kuagiza chakula inadai namba ya Kitambulisho cha Taifa, kampuni itaepuka kubeba taarifa isiyoihitaji. Na taarifa ambayo haikukusanywa haiwezi kuibwa.

Kwa upande wake, mwananchi ana haki ya kufahamu taarifa zake zinatumiwaje, kuomba zirekebishwe zinapokuwa na makosa na kuwasilisha malalamiko kwa Tume anapoona haki hiyo imekiukwa. Kampuni inayotaka kudumu haina budi kuwa na mtu anayeweza kumjibu mwananchi huyo siku atakapouliza.