Upasuaji wa uzazi waongezeka nchini, lakini je, wamfikia anayeuhitaji?

MWANAMKE anayeshikwa na uchungu usiku wa manane katika kijiji kilicho karibu na Matiliku, Kaunti ya Makueni, hana haja na asilimia za kitaifa. Anataka kujua mambo mawili tu: iwapo kuna mkunga zamu hiyo ya usiku, na iwapo mambo yakiharibika, chumba cha upasuaji kitafunguliwa kwa wakati. Hayo ndiyo maswali ambayo takwimu za uzazi zinapaswa kuyajibu.

Ukizitazama juu juu, takwimu hizo zinatia moyo. Utafiti wa kitaifa kuhusu idadi ya watu na afya, ambao siku hizi hufanywa na Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS), ulionyesha mwaka 2003 kwamba ni watoto wapatao 40 pekee kati ya kila 100 waliozaliwa katika vituo vya afya. Idadi hiyo ilikuwa 43 katika utafiti wa 2008/09, ikapanda hadi 61 mwaka 2014, na kufikia 82 mwaka 2022. Kujifungulia nyumbani, mikononi mwa mkunga wa jadi au mama mkwe, kumebaki kwa wachache, ingawa kaunti za Turkana, Mandera, Wajir na Samburu bado zinaburura mkia.

Hatua kubwa ilipigwa Juni 1, 2013, pale Rais Uhuru Kenyatta alipotangaza kwamba akina mama hawatatozwa ada ya kujifungua katika hospitali za umma. Baadaye mpango huo ulikabidhiwa hazina ya NHIF kwa jina la Linda Mama. Huko Makueni, serikali ya Gavana Kivutha Kibwana ilianzisha bima yake ya MakueniCare mwaka 2016, ambapo familia ililipa Sh500 kwa mwaka.

Kadiri wanawake walivyoingia wodini, ndivyo visu navyo vilivyozidi kutumika. Mwaka 2003, watoto 4 kati ya 100 walizaliwa kwa njia ya upasuaji. Utafiti uliofuata ulipata 6, wa 2014 ukapata 9, na wa 2022 ukapata 17. Msomaji na awe mwangalifu hapa: utafiti wa 2014 ulihesabu watoto waliozaliwa katika miaka mitano iliyotangulia, ilhali asilimia 17 ya 2022 inahusu miaka miwili tu. Hata hivyo, mwelekeo haufichiki.

Je, 17 ni nyingi mno? Shirika la Afya Duniani (WHO) lilisema mwaka 2015 kwamba katika jamii nzima, upasuaji unapopita asilimia 10, hakuna ushahidi kwamba vifo vya akina mama na watoto wachanga vinazidi kupungua. Kauli hiyo haimaanishi mwanamke yeyote anyimwe upasuaji kwa kuwa hesabu imetimia. Ina maana kwamba baada ya kiwango hicho, swali hugeuka: badala ya kuuliza ni wangapi wamepasuliwa, tuulize ni akina nani.

Na hapo ndipo wastani wa kitaifa unapotuficha mengi. Upasuaji umekithiri miongoni mwa wanawake wenye mali na elimu, na katika hospitali za kibinafsi, huku maskini wa mashambani wakiwa chini kabisa. Kwa hivyo, katika nchi hiyo hiyo moja, yupo anayepasuliwa bila sababu ya kutosha na yupo anayefariki akisubiri kupasuliwa. Ukiwajumlisha na kuwagawanya, unapata 17, nambari isiyomhusu hata mmoja wao.

Sababu za ongezeko ni nyingi. Kuanzia 2015, serikali kuu ilikodisha vifaa vya kisasa, vikiwemo vya vyumba vya upasuaji, kwa hospitali mbili katika kila kaunti. Fedha nazo zina usemi wake: chini ya mamlaka ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, kiwango kilichowekwa cha kujifungua kwa kawaida ni Sh10,000 na cha upasuaji Sh30,000. Simshutumu daktari yeyote, lakini pengo hilo halipaswi kupuuzwa. Isitoshe, upasuaji huzaa upasuaji. Aliyepasuliwa mara ya kwanza hubaki na kovu katika nyumba ya uzazi, na katika mimba zinazofuata kovu hilo laweza kuchanika, au kondo likajishika juu yake na kusababisha kuvuja damu kwa wingi.

Tukigeukia vifo, furaha inapungua. Utafiti wa 2014 ulikadiria vifo 362 vya akina mama kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Sensa ya 2019 ikapata 355. Makadirio ya 2014 yenyewe yangeweza kuwa chochote kati ya 254 na 471, hivyo asidai mtu kwamba tumepiga hatua kubwa. Wataalamu waliochunguza kwa siri vifo 484 vilivyotokea hospitalini mwaka 2014 waligundua kwamba zaidi ya 9 kati ya 10 ya akina mama hao hawakupata huduma ifaayo. Kuvuja damu kuliwaua karibu 4 kati ya 10. Kumbe mama alifika, lakini kufika pekee hakukumfaa.

Matiliku ina hospitali ya kaunti ndogo, na hospitali kuu ya kaunti iko Wote. Mvua za Aprili na Novemba zinaponyesha, mito ya msimu ya Ukambani hufurika na kukata njia, na boda boda haiwezi kuvuka na mgonjwa. Aidha, chumba cha upasuaji bila mtaalamu wa dawa za usingizi na damu ya kuongeza ni chumba tu.

Si kila msaada unahitaji kisu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ulionyesha kwamba mfuko wa plastiki wenye vipimo, unaowekwa chini ya mama ili kupima damu inayotoka, pamoja na matibabu ya papo hapo, hupunguza uvujaji mkali kwa asilimia 60. Aidha, WHO ilishauri mwaka 2018 kwamba kuongezwa njia kusifanywe kwa kila mzazi, na kwamba uchungu unaokwenda polepole, mama na mtoto wakiwa salama, si sababu tosha ya kuuharakisha au kumpasua mama.

Kuhusu swali la akina nani wanapasuliwa, WHO ilipendekeza mwaka 2015 hospitali ziwapange wazazi wote katika makundi kumi: mwenye mimba ya kwanza, mwenye kovu, mwenye pacha, ambaye mtoto ametanguliza matako, na kadhalika, kisha zihesabu upasuaji ndani ya kila kundi. Hakuna mtambo unaohitajika. Hospitali ya kiwango cha Matiliku inaweza kuifanya kazi hiyo kwa kalamu na daftari la wodi, na ikabandika matokeo ukutani kila mwezi.