Dawa Inayoponya Mmoja na Kuumiza Mwingine

Ndugu wawili, wana wa mama mmoja, wanaugua malaria. Wote wawili wanapewa vidonge vya primakwini. Mmoja anapona. Wa pili, siku ya tatu, anakojoa mkojo mweusi kama chai kali. Macho yake ni ya manjano, naye anachoka na kuhema. Watu wananong'ona: "Nani amemroga?" Hakuna aliyemroga. Sababu iko ndani ya damu yake.

Wekundu wa damu hutoka katika chembe ndogo sana. Kila chembe huishi siku kama 120. Ndani yake mna enzimu, jina lake fupi G6PD, inayoilinda chembe kama mlinzi wa shamba. Watu wengine huzaliwa nayo kidogo tu. Siku nyingi wana afya. Lakini wakimeza dawa fulani, chembe hukosa ulinzi, hupasuka, na rangi yake hutoka katika mkojo. Wanganga wa Marekani waligundua jambo hili mwaka 1956, walipochunguza kwa nini primakwini iliwadhuru watu wengine.

Upungufu huu hurithiwa. Mama anaweza kuwa nao bila kuugua, na kila mwana wake aweza kuupata au kuukosa. Baba hampi mwana wa kiume. Binti zake ndio huupokea. Kwa hiyo wanaume huugua zaidi. Basi, baba, usimlaumu mke wako. Hakuuchagua, naye hakujua.

Fanyeni hivi:

1. Kama mtu wa jamaa yenu aliwahi kukojoa mkojo mweusi baada ya dawa, mwambieni munganga kabla ya kupokea primakwini, au dapsoni ya kutibu ukoma.

2. Msiweke naftalini, vidonge vya kufukuza nondo, katika nguo za mtoto mchanga.

3. Mtoto mchanga akiwa na macho ya manjano, mleteni upesi. Umanjano ukizidi huharibu ubongo.

4. Mkojo ukiwa mweusi, msimpe mgonjwa primakwini tena. Mleteni hospitali siku ile ile, pamoja na vidonge alivyomeza. Pengine atahitaji kuongezewa damu.

Lakini msikatae dawa zote za malaria kwa hofu. Nyingi hazimdhuru mtu huyu, na malaria isiyotibiwa huua. Semeni tu mapema yale mnayoyajua juu ya damu ya jamaa yenu.