Kucha za Jeli: Pambo, Udhu na Afya

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.T.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Kila msimu wa harusi unapowadia hapa Pwani, hatukosi kuulizwa na mama zetu na mabinti zetu: je, kucha za jeli zamfaa mwanamke wa Kiislamu? Swali hili lina pande mbili, upande wa ibada na upande wa afya.

Jeli si kama rangi ya kawaida ikaukayo kwa hewa. Hupakwa tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka hugandishwa kwa taa ya miale ya urujuanimno. Ikishaganda huwa ngumu mithili ya plastiki, na hudumu wiki mbili hadi tatu.

Hapo ndipo penye mushkili. Katika Suratul Maida, aya ya 6, Allah ametuamrisha kuosha nyuso zetu na mikono yetu hadi viwikoni tunapoiendea sala, na ukucha ni sehemu ya mkono. Amepokea Imam Muslim kwamba mtu mmoja alitawadha akaacha mguuni pahali padogo kiasi cha ukucha, na Mtume (S.A.W.) akamwamuru arudi akautengeneze udhu wake. Ikiwa pahali pa ukucha mmoja palimrudisha mtu, kucha kumi zilizozibwa zitakuwaje? Wapo wasemao, "Nilipaka nikiwa na udhu." Udhu huo ukitenguka, maji hayana budi kufika tena. Wala jeli haipanguswi kama soksi za ngozi, kwani ruhusa ile haikuishukia. Josho la janaba, hedhi na nifasi nalo ni vivyo hivyo.

Aliye katika hedhi au nifasi hana sala, hivyo kwake hakuna kizuizi cha udhu. Lakini na apige hesabu. Hedhi kwa kawaida ni siku sita au saba. Atalipia pambo la wiki tatu, kisha alazimike kulitoa siku ya kutoharika. Kwa siku chache hizo, rangi ya kawaida ifutikayo upesi yamtosha.

Anayepaka, na azingatie haya. Jeli isiguse ngozi kabla ya kuganda, kwani huweza kuzusha mzio, na mzio huo ukishaingia mwilini aghalabu hautoki maisha. Taa iwe ile iliyokusudiwa kwa jeli hiyo, ili isibaki mbichi ndani. Mikono ivalishwe glavu zilizokatwa ncha ili kuikinga na miale. Wakati wa kuitoa, asiibandue kwa meno wala kwa kisu, kwani huondoka na tabaka la ukucha wenyewe. Aifunike kwa pamba yenye asetoni kwa dakika kumi hadi kumi na tano, kisha aisukume taratibu na apake mafuta ya nazi. Akiona ukucha umegeuka kijani, au vidole vyawasha na kuvimba, amwone daktari.

Na kwa nini tuisahau hina? Hina huacha rangi tu, haiachi utando uzuiao maji, basi bibi harusi husali nayo bila wasiwasi. Tahadhari ni kwa piko nyeusi iliyochanganywa na dawa ya kutia nywele weusi, kwani hiyo huweza kuchoma ngozi.

Limebaki moja zito. Mauti hayapigi hodi. Mwanamke akifariki na jeli vidoleni, wanaomwosha huwabidi kwanza wakae na pamba na asetoni, ukucha kwa ukucha, ili maji ya josho lake la mwisho yafike. Mama, mkumbushe binti yako kwa upole, si kwa kumfedhehesha mbele ya wenzake. Kujipamba ni jambo jema, bora pambo lisimwekee mja pazia baina yake na sala yake.

Tunamuomba Allah atujaalie tohara ya mwili na ya moyo. Amin. Wallahu a'lam.