Mwigo wa Prosesa Yenye Mifumo Endeshi Miwili

Prosesa ya viini vingi ni kipande kimoja chenye vitengo kadhaa vya kufanyia kazi, na kila kitengo huitwa kiini. Katika utaratibu wa ulinganifu, mfumo endeshi mmoja huvitawala viini vyote na kuvigawia kazi. Katika utaratibu usio wa ulinganifu, kila kiini, au kila kundi la viini, huwa na mfumo wake. Yafaa kuangalia kwamba neno "ulinganifu" hapa lahusu utawala, wala si umbo: hata viini viwili vya namna moja vyaweza kuendeshwa pasipo ulinganifu.

Mfano ulio wazi ni bodi ya ZCU102 iliyotolewa na Xilinx, kampuni iliyonunuliwa na AMD mwaka 2022. Prosesa yake ina viini vinne vya Cortex-A53 na viwili vya Cortex-R5. Vile vinne huweza kuendesha Linux, ulio hodari wa mafaili na mitandao. Vile viwili huendesha FreeRTOS, mfumo mdogo wa kazi ambazo jawabu lake halina budi kutoka kabla ya muda uliowekwa. Pande hizo huwasiliana kwa kumbukumbu ya shirika: mmoja huandika ujumbe, kisha huutahadharisha wa pili kwa ishara ya kukatiza kazi, nao husoma.

Programu ya QEMU, iliyoanzishwa na Fabrice Bellard, huiga bodi hiyo kwa kutafsiri amri za viini vyake kuwa amri za kompyuta ya kawaida. Tafsiri hiyo yaaminika kwa maana, bali si kwa muda. QEMU haifuati mapigo halisi ya saa, wala haiigi kashe, yaani kumbukumbu ndogo ambamo kiini huweka nakala zake. Basi mtungaji wa programu aliyesahau kuirudisha nakala kwenye kumbukumbu ya shirika ataona ujumbe ukifika salama katika mwigo. Lakini kwenye bodi yenyewe upande wa pili waweza kusoma habari za zamani. Kazi ikiwa ni kusimamisha mtambo, kosa hilo laweza kumgharimu mtu maisha.

Kwa hiyo yafaa istilahi zitenge "mwigo wa amri" na "mwigo wa muda". Wa kwanza huthibitisha utaratibu wa mazungumzo baina ya mifumo. Wa pili ndio uwezao kutoa ushahidi juu ya wakati. Zikiitwa kwa jina moja, msomaji atadhani jambo limekwisha pimwa, kumbe bado.