Je, Wajua? Maji Unayokunywa Yaweza Kumuua Samaki Wako

Maji ya bomba yaliyotimiza masharti yote ya afya yanaweza kuwamaliza samaki wa tangi la sebuleni kabla jua halijazama. Mhalifu ni klorini. Shirika la Afya Duniani linataka maji yamfikie mlaji yakiwa bado na angalau miligramu 0.2 za klorini katika kila lita, ili vijidudu visiyaharibu njiani. Binadamu anakunywa wala hana habari. Samaki anaipitisha kwenye matamvua, yale majani mekundu anayopumulia, na ngozi ya pale ni nyembamba mno, inaungua. Utamwona amepanda juu, mdomo uko nje, anatweta. Mwenye nyumba anadhani ni njaa, anamwongezea chakula.

Dawa yake haina gharama. Kinga maji leo, yaache kwenye diaba pana lisilofunikwa hadi kesho au keshokutwa, klorini itapaa yenyewe. Kwa jamaa walioko Marekani habari ni nyingine. Miji mingi ya huko hutia kloramini, yaani klorini iliyofungamana na amonia, nayo haiondoki kwa kuachwa tu. Huko hakuna budi kununua matone ya dukani. Kiini cha matone hayo mara nyingi ni thiosalfeti ya sodiamu, kemikali ileile waliyoitumia wapiga picha wa zamani kwenye chumba cha giza.

Je, wajua kwamba samaki wa ziwani na mtoni karibu hanywi maji kabisa? Mwili wake una chumvi kuliko maji yanayomzunguka, hivyo maji hujipenyeza yenyewe kupitia matamvua, naye anashinda akikojoa ili asivimbe. Samaki wa baharini ni kinyume chake: maji yanamtoka, kwa hiyo lazima anywe. Ndiyo sababu mgeni hatumbukizwi tangini moja kwa moja. Mfuko aliomo huachwa uelee juu ya maji, ukaongezewa maji ya tangi kidogo kidogo, mwili upate nafasi ya kuzoea.

Ili kuiondoa klorini, wengine huona bora wayachemshe maji. Kuchemsha kunafukuza klorini, lakini kunafukuza na oksijeni. Hata bila moto, joto peke yake linapunguza hewa hiyo: kwenye usawa wa bahari, maji ya nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita, na yakifika nyuzi 30 hubaki na 7.5 hivi. Maji yaliyochemshwa lazima yapoe, kisha yamiminwe ndoo kwa ndoo mpaka yashike hewa tena. Maji ya chupa yaliyochujwa hadi madini yakaisha ni hasara tupu, kwa maoni yangu: unalipia kuondolewa kitu ambacho samaki wako anakihitaji.

Maji ya mvua nayo si yale maji matupu tunayoyadhania. Yakiwa bado angani hunyonya kaboni dayoksaidi, yanatua yakiwa na uchachu kidogo, pH kama 5.6. Halafu yanapita kwenye mabati, na mabati yamepakwa zinki, ambayo kwa samaki ni sumu. Ukitaka kuyatumia, acha mvua ya kwanza ioshe paa. Yanawafaa samaki wa misitu ya Amazon, kama wale wadogo wenye mstari wa buluu unaong'aa, waliozoea maji laini.

Sasa njoo kwenye kisima cha pwani. Ardhi ya Unguja, na ya sehemu kubwa ya mwambao wa Kenya na Tanzania, ni jiwe la matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Maji yanayokaa humo yanakuwa magumu: sabuni haitoi povu vizuri, na ndani ya birika kunaganda ukoko mweupe. Ukoko huo ni kipimo cha bure. Jiwe la kupambia tangi nalo lina kipimo chake: lidondoshee siki. Likichemka vipovu, lina chokaa, na litaendelea kuyafanya maji kuwa magumu kila siku bila wewe kujua. Maji ya namna hii yanamsumbua samaki wa Amazon, lakini ukiweka wengine, hasa wa Ziwa Tanganyika, wako nyumbani.

Je, wajua kwamba watu wa Ulaya hununua chumvi za pakiti ili wapate maji yanayofanana na ya Kigoma? pH ya Ziwa Tanganyika ni karibu 9, na ndimo wanamoishi samaki ambao hawapatikani kokote kwingine duniani. Pierre Brichard, aliyekuwa akiishi Burundi, alijulikana katika miaka ya 1970 kwa kuwasafirisha hadi Ulaya na Marekani. Mmoja wao anaitwa Neolamprologus multifasciatus, ana urefu wa sentimita 3 au 4 tu, na nyumba yake ni gamba tupu la konokono. Ukoo mzima unatosha kwenye tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30, ambalo ni lita 54. Kwa mtu mwenye maji magumu na sebule ndogo, huyo ndiye samaki. Ni kazi rahisi zaidi kumchagua samaki anayependa maji yako kuliko kuyabembeleza maji yampende samaki uliyemwona dukani.

Maji yenye pH ya juu kama ya Tanganyika yana hila moja. Samaki hutoa amonia, na ukali wake unategemea pH. Kwenye pH 7 na joto la nyuzi 25, chini ya asilimia 1 ya amonia hiyo ndiyo iliyo katika umbo la sumu kali. Kwenye pH 9 ni zaidi ya theluthi. Tilapia wa Ziwa Magadi, Kenya, ambako pH hufika 10, walikwisha kulitatua hilo: badala ya amonia hutoa urea, kama binadamu.

Tangini wanaotusaidia ni bakteria wa kwenye changarawe na chujio, wanaogeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati. Huchukua wiki 4 hadi 6 kuenea, kwa hiyo maji mapya yanayong'aa ndiyo ya kuogopwa. Mwaka 2015 wanasayansi walitangaza kwamba kuna bakteria anayeifanya kazi yote hiyo peke yake. Usioshe sponji ya chujio kwa maji ya bomba, klorini itawaua.

Maji yanayokauka huacha madini yake ndani, hivyo kujazia tu bila kubadilisha huyafanya yazidi kuwa magumu. Toa robo kila wiki, weka mapya yaliyolala. Yale ya zamani usiyamwage mferejini: yakiwa hayakutiwa chumvi wala dawa, nitrati yake ni mbolea nzuri ya mchicha.