Bandeji ya Maji Yenye Dawa

Imani kwamba kidonda hakina budi kukauka ndipo kipone imeenea tangu zamani. Mwaka 1962 mtaalamu George Winter, wa London, aliichunguza kwa kutumia nguruwe wachanga. Majeraha madogo aliyoyafunika kwa utando wa plastiki, yakabaki na unyevu, yaliota ngozi mpya kwa kasi iliyokaribia mara mbili ya yale yaliyoachwa wazi. Chembe hai za ngozi husogea kwa urahisi penye majimaji. Zikikuta kigaga kikavu hulazimika kupenya chini yake.

Shashi ya kawaida hunyonya majimaji hayo, kisha hugandamana na kidonda. Inapobanduliwa, ngozi changa hung'oka pamoja nayo, na mgonjwa aliyeungua moto huanza maumivu upya.

Kwa ajili hiyo wataalamu waligeukia hidrojeli, yaani nyuzi za polima zilizofungamana kama wavu na kushika maji mengi yasichuruzike. Mwaka 1960 Otto Wichterle na Drahoslav Lím, wa Prague, walikwisha kueleza jeli za namna hiyo zifaazo kutumika mwilini. Baadaye, huko Łódź, Poland, Janusz Rosiak na wenzake walichanganya polima na agari, itokanayo na mwani, katika maji. Mchanganyiko ulifungiwa ndani ya pakiti, kisha ukapigwa mionzi ya elektroni. Mionzi hiyo huziunganisha nyuzi na, kwa tendo lilo hilo, huua vijidudu.

Kutia dawa ndani ya wavu huo ndiko kugumu. Maji yaleyale yanayompoza mgonjwa huiruhusu dawa kutoka kwa wingi saa za mwanzo, kisha ikawa haba. Ikiwa haba, bakteria waliosalia hupata nafasi ya kuizoea. Ikizidi, hudhuru chembe changa zilizokusudiwa kulindwa. Hata madini ya fedha, yauayo bakteria, yana hatari hiyo. Kwa hiyo watafiti huukaza wavu, au huifunga dawa kwenye nyuzi zake, ili itoke kidogo kidogo. Tena hawana budi kuipima baada ya mionzi, kwani dawa nyingine huharibiwa nayo.

Yafaa ikumbukwe pia kwamba jeli yenye maji mengi haifai kidonda kinachotoa majimaji tele, kwa kuwa hulowesha ngozi ya pembeni hata ikaoza. Wala bandeji hiyo haimwondolei muuguzi wajibu wa kwanza: kuosha kidonda na kuondoa nyama iliyokufa.